Homa haiishi na vipimo "havioni kitu": mwongozo kamili wa kuwasaka bakteria waliojificha kwenye moyo

Niseme mapema, mi ni mtu wa maabara, zile chupa za kuotesha damu ndo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo humu nitaangalia mambo kwa jicho la maabara na daktari wa moyo anaweza kunisahihisha hapa na pale. Ila kuna kitu nimekiona mpaka nimechoka. Mgonjwa ana homa ya wiki tatu au nne, ameshazunguka sehemu kadhaa, ameshameza antibayotiki za aina tatu tofauti, ndo sasa damu yake inaletwa kwangu. Naotesha. Siku ya tano hamna kilichoota, natoa majibu "hakuna bakteria". Wiki mbili mbele anapata kiharusi, anapigwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kumbe kuna kinundu kwenye valvu, yaani mlango wa moyo, kinapepea kama kitambaa kwenye upepo. Bakteria walikuwepo siku zote, zile dawa za nusu nusu ndo ziliwaficha tusiwaone.

Huu mwongozo ni wa aina mbili za watu: wewe unayeuguza mtu mwenye homa isiyoeleweka, na wewe mfanyakazi wa afya unayeanza kazi. Hauchukui nafasi ya daktari, ila utajua nini cha kuuliza na lini kuuliza, mana kwenye huu ugonjwa swali likichelewa wiki moja mtu anaweza kupoteza valvu.

Kwanza elewa wanakaa wapi

Moyo una tabaka tatu. Ndani kabisa kuna utando laini ambao ndo unafunika na valvu, bakteria wakikaa hapo tunaita endokadaitisi. Katikati ni msuli wenyewe, ukiwaka ni miokadaitisi. Nje kuna mfuko unaouzunguka moyo, huo ukiambukizwa ni perikadaitisi. Ya msuli sitaikalia sana kwa sababu mara nyingi ni virusi, na kwa upande wa bakteria kuna mifano michache kama dondakoo, ambayo sumu yake ndo inaharibu msuli, au ugonjwa wa Lyme wa kupe ambao unavuruga umeme wa moyo. Kazi kubwa iko ndani na nje.

Na tusichanganye na homa ya rumatiki. Ile inakuja baada ya maambukizi ya koo ya bakteria aitwaye streptokokasi, kinga ya mwili inakosea na kuushambulia moyo wenyewe, kwa hiyo kwenye valvu hamna bakteria hai. Ila valvu iliyokwaruzwa na rumatiki utotoni ni kiti kizuri sana cha bakteria ukubwani, hapo ndo haya magonjwa mawili yanapokutana na watu wanayachanganya.

Sasa kwa nini yanajificha hivi? Kinundu cha kwenye valvu ni bonge la chembe sahani za damu na nyuzi za fibrini (vitu vinavyogandisha damu), bakteria wamejichimbia humo ndani, hakina mishipa ya damu kwa hiyo askari wa mwili hawafiki na dawa inapenya kwa shida. Alafu kinamegeka. Kipande kikienda kwenye ubongo unaona kiharusi, kikienda figo unaona damu kwenye mkojo, kikienda kwenye pingili za mgongo mtu analalamika mgongo miezi miwili. Moyo wenyewe hauumi! Mgonjwa anakuja na ugonjwa wa kule kipande kilipotua, anatibiwa wa kule, na aliyeko kwenye valvu anaendelea kustarehe.

Hatua ya 1: jua kama mtu wako ni wa kundi la hatari

Kabla ya kipimo chochote uliza historia, tena uliza kwa lugha ya kawaida mana ukimuuliza mtu "una ugonjwa wa valvu" atasema hapana, wakati ukimuuliza "ulishawahi kuambiwa moyo wako una tundu, au unatoa sauti ya ziada, au ulikuwa unachomwa sindano kila mwezi utotoni" anakumbuka. Walio kwenye hatari kubwa ni mwenye valvu ya bandia au valvu iliyofanyiwa ukarabati, aliyewahi kuugua endokadaitisi huko nyuma, aliyezaliwa na hitilafu ya moyo, mwenye valvu inayovuja au iliyobana, mwenye pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo), na anayejidunga dawa za kulevya kwenye mshipa. Ongeza wanaosafishwa damu kwa mashine ya figo na waliowekewa kateta, yaani mpira mwembamba, kwenye mshipa mkubwa kwa muda mrefu, kwa sababu ule mpira ni mlango.

Kama yumo kwenye hilo kundi na ana homa ya nyuzi 38 au zaidi isiyo na sababu inayoonekana, wazo la kwanza liwe moyo mpaka lithibitishwe vingine. Kama hayumo, usilifute, kuna watu wanapata kwenye valvu nzima kabisa, hasa kwa bakteria aitwaye stafilokokasi oreasi ambaye haombi ruhusa.

Meno pia uliza. Streptokokasi wa mdomoni ni wageni wa kawaida sana kwenye valvu, jino bovu la mwaka mzima linaweza kuwa ndo chanzo.

Hatua ya 2: daftari la homa, na kuupekua mwili

Hapa anayeuguza nyumbani ana nguvu kuliko daktari anayemuona mgonjwa dakika kumi. Chukua daftari, pima joto asubuhi, mchana na usiku, andika namba, andika na saa aliyomeza dawa ya kushusha homa kwa sababu paracetamol inafuta ushahidi, mtu anafika kliniki ana 36.8 na anaambiwa yuko sawa. Andika jasho la usiku, andika uzito kila wiki, andika kila antibayotiki aliyomeza kwa jina na tarehe, hata kidonge kimoja alichopewa na jirani. Hilo la mwisho ndo watu wa maabara tunalitamani kuliko yote na ndo hatuambiwi.

Homa ipo kwa wagonjwa karibu 9 kati ya 10. Hao wengine waliobaki mara nyingi ni wazee, wenye figo zilizochoka, wanaotumia steroidi, au walioshaanza antibayotiki. Mzee anaweza kuja amechanganyikiwa tu na hamu ya kula imekata, basi.

Ukishamaliza joto, angalia mwili kwenye mwanga mzuri. Ndani ya kope la chini vuta taratibu utafute vidoa vidogo vyekundu. Chini ya kucha tafuta vistari vyembamba vyeusi kama vijiti, ingawa mtu wa kazi za mikono anaweza kuwa navyo kwa kugongagonga tu, kwa hiyo peke yake havisemi kitu. Vinundu vidogo vyenye maumivu kwenye ncha za vidole vinaitwa vya Osler, kwa jina la daktari William Osler aliyetoa mihadhara maarufu juu ya huu ugonjwa London mwaka 1885. Madoa bapa yasiyouma kwenye viganja na nyayo yanaitwa ya Janeway. Vitabu vinavipenda sana hivi vitu na mtihani lazima viulizwe, ila ukweli ni kwamba wagonjwa wengi hawana hata kimoja, kwa hiyo ukivikosa usipumue ukasema "basi sio moyo".

Daktari naye akisikiliza kifua anatafuta sauti ya ziada, mvumo wa damu inayovuja. Ya zamani haishangazi, mpya ndo inatisha, au ya zamani iliyobadilika. Hapo karatasi za kliniki za nyuma zinakuwa dhahabu, njoo nazo.

Kuna upande mmoja unaodanganya kuliko mwingine nao ni wa kulia. Valvu ya kulia ikiambukizwa, vipande vinaenda kwenye mapafu na wala haviendi kwenye ubongo. Mtu anakohoa, kifua kinachoma, eksirei inaonyesha mabaka mengi pande zote mbili, anaandikiwa nimonia, haponi, anaanza kufikiriwa TB. Mvumo wa moyo unaweza usisikike kabisa. Ukiona nimonia ya mabaka yaliyotawanyika kwa mtu anayejidunga au mwenye kateta au pesimeka, kumbusha watu kuhusu moyo.

Hatua ya 3: damu kwanza, dawa baadaye (hapa ndo pa kukaa)

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii. Sababu kubwa kuliko zote ya damu kutoota kitu kwa mgonjwa mwenye endokadaitisi ni antibayotiki aliyopewa kabla damu haijatolewa. Vidonge vya siku mbili haviponyi kinundu, vinapunguza tu bakteria wanaoelea kwenye damu mpaka chupa yangu haiwanasi, na homa inashuka kidogo, kila mtu anafurahi, wiki moja baadaye inarudi.

Utaratibu ni seti tatu. Seti moja ni chupa mbili, moja ya bakteria wanaopenda hewa na moja ya wasioipenda, kila seti itoke kwenye mshipa tofauti. Kwa mtu mzima kila chupa inataka mililita 8 mpaka 10, watoto inapangwa kwa uzito. Watu wanaona huruma kutoa damu nyingi hivyo, wanaweka mililita tatu, sasa fikiria bakteria wenyewe kwenye damu wanaweza kuwa chini ya kumi kwa kila mililita, ukiweka kidogo ni kama kuvua ziwa kwa kikombe. Kiasi cha damu kina uzito kuliko ujanja mwingine wowote.

Muda je? Wengi bado wanasubiri mpaka homa ipande na mgonjwa atetemeke. Hamna haja. Kwenye endokadaitisi bakteria wanamwagika kwenye damu saa zote, homa iwepo isiwepo. Kama mgonjwa ametulia, toa seti zikipishana nusu saa hivi au zaidi. Kama presha inashuka, anapumua kwa shida, amechanganyikiwa, toa seti zote haraka kutoka sehemu tofauti alafu dawa ianze palepale, usimuache mtu afe kwa ajili ya ratiba ya chupa. Hata seti mbili za dakika kumi ni bora mara mia kuliko sifuri.

Usafi ndo unatofautisha jibu na takataka. Paka ngozi klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti, iache ikauke yenyewe kama nusu dakika, usipulize, na ukishasafisha usirudi kushika shika mshipa kwa kidole. Futa na vifuniko vya chupa kwa spiriti, watu wengi wanadhani viko safi kwa sababu vilikuwa na kofia. Usichote damu kwenye kanula (kile kimrija cha plastiki cha kwenye mshipa) iliyowekwa tangu jana, utaniletea bakteria wa plastiki. Ukitumia sindano ya kipepeo anza na chupa ya hewa mana ule mpira una hewa ndani, ukitumia bomba la kawaida anza na isiyotaka hewa, na damu ikiwa haitoshi ipe kipaumbele ya hewa.

Andika kwenye chupa saa, mkono gani, na dawa aliyokwisha kunywa. Alafu tafadhali, TAFADHALI, usiziweke kwenye friji. Najua sampuli nyingi huwekwa friji, hizi hapana, baridi inaua tunaowatafuta. Ziache joto la kawaida la chumba na zifike maabara haraka.

Na mtu aliyeshakunywa antibayotiki? Toa damu hivyo hivyo, usiseme "haina maana". Kama hali yake imetulia kabisa, daktari anaweza kuamua kusimamisha dawa siku kadhaa na kurudia kuotesha, ila huo ni uamuzi wa daktari akiwa anamuona mgonjwa, sio wa mtu wa nyumbani kuficha vidonge chini ya mto.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Mwanamuziki Gustav Mahler aliugua New York mapema mwaka 1911, akatolewa damu, ikaoteshwa, wakaota streptokokasi. Yaani utambuzi ulipatikana vizuri kabisa zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa sababu hakukuwa na antibayotiki za kuharibu kipimo. Shida ni kwamba hakukuwa na antibayotiki za kumtibu pia, akafa Mei mwaka huohuo Vienna. Sisi tuna dawa, alafu tunazitumia kuharibu kipimo.

Hatua ya 4: kuyasoma majibu ya maabara bila kudanganyika

Bakteria wengi wa huu ugonjwa wanaota ndani ya siku tano. Jibu la siku ya pili likisema hamna, hilo ni la muda tu, uliza la mwisho.

Chupa moja kati ya sita ikiota stafilokokasi wa kwenye ngozi, mara nyingi ni uchafu wa kuchomea. Chupa nne kati ya sita wakiota hao hao, na mgonjwa ana valvu ya bandia au pesimeka, huo ni ugonjwa. Mi mwenyewe niliwahi kuandika "uchafu wa ngozi" kwenye seti ya kwanza ya mgonjwa, fomu haikuwa na historia yoyote na mimi sikupiga simu kuuliza, kumbe jamaa alikuwa na valvu ya chuma miaka minne. Seti zilizofuata zikaota wale wale. Siku hizi kabla sijaandika neno uchafu napiga simu wodini, inachukua dakika mbili.

Stafilokokasi oreasi akiota hata chupa moja, usimdharau kamwe, na moyo uangaliwe kwa eko. Streptokokasi wa mdomoni au enterokokasi (bakteria wa utumbo) kwenye chupa mbili au zaidi ni alama kubwa. Na kuna streptokokasi mmoja anaitwa galolitikasi, akionekana basi mgonjwa akitulia achunguzwe na utumbo mpana kwa kamera, mana huyo ana urafiki wa ajabu na saratani ya utumbo.

Sasa kama zote hazijaota na dalili bado zipo? Kwanza rudi kwenye daftari la dawa. Kama hajagusa antibayotiki, fikiria wale wasioota kwenye chupa za kawaida. Koksiela wa homa ya Q, anapatikana kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe hasa wakati wa kuzaa. Batonela, anayehusishwa na chawa wa mwilini na paka. Brusela wa maziwa mabichi. Hawa wanatafutwa kwa kupima kingamwili kwenye damu, au kwa PCR (kipimo cha jeni za bakteria), na kama mgonjwa atapasuliwa basi kipande cha valvu kisitupwe wala kisizamishwe chote kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama, inayoua bakteria), nusu iende maabara ya bakteria ikiwa bichi. Nimelia na hili mara ngapi. Ndo maana mgonjwa anatakiwa aulizwe kuhusu wanyama na maziwa hata kama anaona ni maswali ya ajabu.

Vipimo vingine vya damu kama CRP na ESR, vinavyoonyesha mwili unawaka, vinapanda, damu inapungua, mkojo una damu ya kuonekana kwa hadubini tu. Vyote vinasaidia kukazia wazo, hamna hata kimoja kinachosema "ni moyo". Na kwenye maeneo ya malaria na taifodi kuna mtego wake: kipimo cha Widal kinaweza kusoma chanya bila taifodi yoyote, mtu anatibiwa taifodi mara tatu kwa antibayotiki, na kila awamu inazidi kuzificha chupa zangu. Taifodi ya tatu ndani ya miezi miwili ni kengele, tafuta kitu kingine.

Hatua ya 5: eko, na kwa nini "eko iko sawa" haitoshi

Eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haina mionzi. Ya kawaida inapigwa juu ya kifua. Kwa valvu ya asili inakamata vinundu kwa takriban asilimia 70 ya wenye ugonjwa, kwa valvu ya bandia inashuka mpaka kama nusu, kwa sababu chuma kinatupa kivuli na kinundu kinajificha nyuma yake. Ya pili inapitia kooni, unameza mpira wenye kamera ya mawimbi na inaangalia moyo kutoka nyuma kwa karibu, hiyo inapita asilimia 90. Haifurahishi, unapewa dawa ya ganzi na ya kulegeza, unafunga kula kabla, ila ni dakika chache.

Kwa hiyo ukiambiwa eko iko sawa, maswali yako ni matatu: ni ya kifuani au ya kooni? Picha zilionekana vizuri au kifua kilizuia? Na inarudiwa lini? Eko safi leo wakati shaka bado ni kubwa inarudiwa baada ya siku 5 mpaka 7, mana kinundu kidogo cha leo kinaonekana wiki ijayo. Hili la kurudia ndo linalosahaulika kuliko yote, karatasi inaandikwa "kawaida" na faili linafungwa.

Na kinyume chake kipo. Sio kila kinachoning'inia ni bakteria. Kuna nyuzi za uzee kwenye valvu, kuna damu iliyoganda, kuna uvimbe mdogo usio wa saratani, kuna vinundu vya lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili), na vya watu wenye saratani mwilini. Vyote vinafanana kwenye skrini, ndo maana eko bila damu inayoota na bila dalili haifungi kesi.

Isijii (kipimo cha umeme wa moyo) ifanywe kila siku kwa mwenye ugonjwa wa valvu ya aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Kipimo cha bei ndogo na watu wanakidharau, lakini ule umbali wa PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini) ukianza kurefuka siku hadi siku, maana yake usaha unaweza kuwa umechimba kuelekea kwenye waya za umeme za moyo, na hapo daktari wa upasuaji aitwe saa hiyohiyo.

Kwa valvu za bandia na pesimeka siku hizi kuna siti skani ya moyo na peti skani, inayoonyesha sehemu inayokula sukari kwa wingi. Nzuri sana, ila kama upasuaji haujafikisha miezi mitatu kidonda chenyewe kinawaka na unaweza kudanganyika.

Hatua ya 6: kama tatizo ni mfuko wa nje

Mfuko wa moyo kwa kawaida una maji kidogo, mililita 15 mpaka 50 hivi. Bakteria wakiingia unajaa usaha, au kwa upande wa TB unajaa majimaji polepole. Vitabu vinasema maumivu makali ya kifua yanayopungua ukikaa umeinama mbele, na isijii ambayo mistari yake imenyanyuka karibu kila mahali. Hiyo ni perikadaitisi ya virusi iliyonyooka. Ya usaha mara nyingi haina hata hayo maumivu, ni mtu mgonjwa sana mwenye homa kali na mapigo ya mbio, labda ana nimonia au kidonda kingine, kila mtu anaangalia nimonia. Ya TB ndo mwizi zaidi: wiki nyingi za homa ndogo, kukonda, jasho la usiku, miguu kuvimba, tumbo kujaa, pumzi fupi, mtu anatibiwa moyo kushindwa.

Moyo mkubwa wa mviringo kwenye eksirei ni dokezo, eko ndo inaonyesha maji. Lakini eko inakuambia kuna maji, haikuambii ni maji ya nini. Jibu liko kwenye kuyavuta kwa sindano chini ya uangalizi wa eko, na yakishatoka yagawanywe vizuri: ya kuotesha bakteria wa kawaida, ya TB kwa hadubini, kuotesha na kipimo cha jeni, ya kuhesabu chembe, ya protini na sukari, ya kutafuta saratani, na ya ADA (kimeng'enya kinachopanda kwenye TB). ADA ikiwa 40 au zaidi inaelekeza kwenye TB. Kipimo cha jeni cha TB kikiwa hasi kwenye maji ya moyo hakiifuti TB, mana bakteria wenyewe humo ni wachache, na kuotesha kunaweza kuchukua wiki sita.

Dharura ni pale mfuko unapoubana moyo: mishipa ya shingo imetuna, presha inashuka, sauti ya moyo iko mbali kama inatoka chumba kingine. Hapo hakuna kusubiri majibu ya chochote, maji yavutwe.

Hatua ya 7: kujumlisha pointi

Kwa kuwa hamna kipimo kimoja kinachotosha, madaktari wanatumia vigezo vya Duke, vilitoka chuo kikuu cha Duke Marekani mwaka 1994, vikarekebishwa 2000, na tena 2023. Kuna vigezo vikubwa na vidogo. Vikubwa kwa kifupi ni bakteria wa kawaida wa huu ugonjwa kuota kwenye seti zaidi ya moja, na picha inayoonyesha kinundu, jipu, tundu au uvujaji mpya. Kilichoonekana kwa macho wakati wa upasuaji nacho ni kikubwa. Vidogo ni kuwa kwenye kundi la hatari, homa ya 38 na zaidi, vipande vilivyorushwa mwilini, dalili za kinga kama vinundu vya Osler, na ushahidi wa maabara usiofika kwenye kikubwa. Toleo la 2023 limekubali pia mvumo mpya wa valvu inayovuja kama kidogo pale ambapo eko haipatikani, hilo nimelipenda, mana sikio la daktari limerudishiwa heshima.

Vikubwa viwili, au kikubwa kimoja na vidogo vitatu, au vidogo vitano, ugonjwa upo. Kikubwa kimoja na kidogo kimoja, au vidogo vitatu, unawezekana. Mfano: mtu ana valvu ya bandia, homa 38.6, na bandama ina kipande kilichokufa kwenye siti skani. Hivyo ni vidogo vitatu, "inawezekana". Akiota enterokokasi kwenye seti mbili ghafla ana kikubwa kimoja na vidogo vitatu, kesi imefungwa, hata kama eko ya kifuani ilikuwa safi. Unaona namna kila kipande kinavyosukuma kingine.

Ila vile vigezo vilianza kwa ajili ya tafiti. Mtu wa "inawezekana" mwenye hali mbaya anatibiwa, hasubirishwi pointi. Na kwa upande wa kuufuta ugonjwa, homa ikipotea kabisa kwa antibayotiki za chini ya siku nne na isirudi, hiyo inahesabika kama sababu ya kusema haikuwa endokadaitisi.

Hatua ya 8: umeshapatikana, usiache kupima

Damu inaoteshwa tena kila baada ya siku moja au mbili mpaka isiote kitu, na siku ya kwanza isiyoota ndo kawaida wanaanzia kuhesabu wiki za dawa, nyingi zikiwa nne mpaka sita za kwenye mshipa. Ikiendelea kuota wakati dawa ni sahihi, kuna jipu mahali, litafutwe kwenye moyo, bandama, pingili za mgongo. Homa inayorudi wiki ya tatu inaweza kuwa jipu, inaweza kuwa kanula iliyoota usaha mkononi, inaweza hata kuwa mzio wa dawa yenyewe, na zote tatu zinaanza kwa kuotesha damu upya.

Mkono au mguu ukilegea ghafla, mdomo ukipinda, maumivu makali ya tumbo upande wa kushoto juu, pumzi ikakata usiku akilala chali, hayo ni ya hospitali dakika hiyohiyo, usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Siku dawa zinaisha apigwe eko moja ya mwisho na uombe nakala, hiyo ndo picha ya kulinganishia huko mbele. Na homa yoyote itakayokuja baada ya hapo, hata mwaka unaofuata, damu inatoka kabla hajameza kidonge. Kuna jamaa mmoja wa wodini kwetu alikuwa ameliandika kwa peni nyekundu kwenye ganda la daftari lake la homa, "TOA DAMU KWANZA", kila nesi mpya anayemshika mkono anaonyeshwa hilo ganda kabla ya salamu.